Mikono Iliyofuata Reli

Ijulikane kwa watu wote wa Dodoma, wakubwa kwa wadogo, wenyeji kwa wageni, wenye nyumba na waliobakiwa na kuta tu, ya kwamba Serikali Tukufu ya Kaisari, kwa huruma yake isiyo na kikomo, imesikia kilio cha raia wake.

Hapo karani Sila alinyamaza kidogo ili kilio kisikike. Kilichosikika ni mbuzi wa Abdulkadiri mwenye duka akikohoa, na mzee mmoja wa nyuma akiuliza kama habari hizi ni za mbwa, maana tangazo lililopita lilikuwa la mbwa. Sila alimjibu kwamba safari hii ni za nyumba. Mzee akaokota fimbo yake akaondoka, kwa kuwa alikuwa na mbwa na hakuwa tena na nyumba.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, mwaka wa pili tangu reli ifike Dodoma. Sila alisimama sokoni juu ya sanduku la sabuni. Alikuwa na miaka kumi na minane, na sita kati ya hiyo alikuwa ameilala katika bweni la misheni. Huko alijifunza kuandika kwa wino bila kudondosha tone, kutumia neno "hususan" mahali panapolistahili, na kufunga pamoja kamba za viatu vya wenzake wakati wa sala. Kwa sifa mbili za kwanza alipewa kazi bomani. Ya tatu hakuulizwa.

Sababu ya tangazo ni mvua ya Januari, iliyonyesha siku tatu bila kupumzika. Tembe za Wagogo huezekwa kwa udongo uliolazwa juu ya miti, na udongo ukinywa maji siku tatu huwa mzito kama ng'ombe waliolala. Siku ya tatu mchana mapaa yalianza kushuka moja baada ya jingine, polepole, kama watu wanaokaa kitako. Katika kijiji cha Miyuji, nje kidogo ya mji, hakufa mtu. Walikufa ndama wawili na saa ya ukutani ya katekista.

Baada ya hapo kila mtu alitaka miti, kamba na fundi, na wote walivitaka wiki ileile, kwa sababu mvua za Ugogo hupumzika Februari na kurudi Machi. Fundi aliyekuwa akilipwa heleri ishirini na tano kwa siku, yaani robo rupia, akasema rupia. Wengine wakasema rupia na mbuzi. Fundi Mazengo, ambaye hakuna aliyemshinda kwa kusimamisha nguzo, alimtazama mjane mmoja wa Miyuji akamwambia rupia, mbuzi, na jogoo wa kumliwaza mbuzi njiani. Hayo yalitokea, na hayapendezi.

Habari ya jogoo ilimfikia Bwana Shauri, mkuu wa boma, naye akakasirika kwa dhati. Alikuwa mtu wa kukasirika kwa mpangilio. Alikaa mezani, akanoa kalamu, akaamuru kwamba ujira wa fundi wa nyumba urudi pale ulipokuwa kabla ya mvua, na kwamba atakayedai zaidi, pamoja na atakayelipa zaidi, wapigwe viboko ishirini na vitano, vile ambavyo watu waliviita hamsa ishirini. Kisha akamuuliza Sila, aliyekuwa akifasiri na kuandika, kama watu hawa hulipana kitu kingine mbali na fedha.

Swali lilikuwa la haki, na jibu la haki lilikuwapo. Miyuji nzima, waliojengewa kwa fedha hawakufika kumi. Wengine wote walipika pombe. Mwenye nyumba hulowesha mtama ukaota, huuanika, huusaga, huuchemsha, na siku pombe inapoiva majirani huja na majembe yao. Huchanganya udongo, hupandisha miti, na kazi ikiisha hunywa. Hakuna anayeiita ujira. Ukimwita jirani yako kibarua eti kwa sababu alikunywa kata tatu kwako, hatakuja kwako tena hata kwenye msiba.

Sila alilijua jambo hilo tangu hajaota meno. Lakini wiki moja nyuma alikuwa amepita mahali ambapo Mazengo na wenzake walikuwa wanakunywa baada ya kazi. Yeye alikuwa amevaa kaptura mpya ya boma, na Mazengo akauliza kwa sauti, "Jamani, nani amemvika korongo kaptura?" Walicheka hata waliokuwa wamelala. Kwa hiyo Sila alimjibu Bwana Shauri kwamba ndiyo, hulipana pombe, tena nyingi, na kwa hiari yake mwenyewe akaongeza mstari mwishoni: Pombe, togwa, nyama, na hususan kila kitu kinywekacho kitolewacho penye ujenzi, vitahesabiwa kuwa ujira uliozidi.

Alikusudia mzaha. Alidhani Bwana Shauri atacheka, au ataufuta. Bwana Shauri aliusoma mara mbili, akasema ni fikra nzuri sana.

Mjane wa jogoo alikuwa Yudith, dada mkubwa wa marehemu mama yake Sila, na ndiye aliyemlea Sila hadi siku alipompeleka bwenini akiwa na blanketi moja na chawa wachache. Paa lake lilikuwa limeshuka lote. Yeye na binti yake Loisi walilala chini ya ngozi mbili za ng'ombe zilizoegemezwa kwenye ukuta uliosalia, na Yudith alikuwa na kifua kisichopatana na unyevu. Rupia hakuwa nayo. Mtama alikuwa nao. Alikuwa amebatizwa, na misheni haikupenda pombe, lakini pombe ya kujengea aliihesabu kuwa zana, kama jembe. Alipomwambia Mazengo kwamba atapika, Mazengo alisahau habari ya rupia palepale. "Hilo sasa ni jambo jingine," alisema. "Kwa pombe mimi si fundi, ni jirani."

Mtama ulikuwa umeshaloweshwa siku Sila alipoandika ule mstari. Hakuwa na habari, kwa sababu mtu aliyevaa kaptura ya boma hupita nyumbani mara chache.

Alhamisi, Bwana Shauri alimtuma Sila pamoja na askari Athuman wakakague ujenzi wa Miyuji. Walikuta watu kumi na mmoja kwa Yudith. Wengine walikuwa wanakanyaga udongo, wengine wamebeba miti iliyotoka Makutupora, na Mazengo alikuwa ameshika nguzo ya katikati akiipima kwa jicho. Kando, kivulini, vilikaa vyungu vitatu vimefunikwa majani.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema Sila.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko bomani mnakula karatasi?" Watu wakacheka. "Umekuja na mgeni. Karibuni, ila haijachujwa."

Athuman alivitazama vyungu. Alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, na pombe yenyewe haikumhusu kwa lolote. "Mama, hii ni ya nini?"

"Ya paa."

Athuman akashusha pumzi. "Soma, karani."

Sila alitoa karatasi akasoma kwa sauti ya mtu anayesomea shati lake.

"Soma kwa nguvu, kaka," alisema Loisi. "Sokoni ulisikika mpaka dukani kwa Abdulkadiri."

Akasoma kwa nguvu. Alipomaliza, Mazengo aliuliza bila kuiachia nguzo, "Kwa hiyo serikali inanipa heleri ishirini na tano."

"Serikali haikupi," alisema Athuman. "Mwenye nyumba anakupa."

"Naye anazo?"

"Hana," alisema Yudith.

"Na nikijenga bure?"

Athuman alifikiri. "Bure unaruhusiwa."

"Na nikishikwa na kiu huku najenga bure?"

"Kunywa maji."

Mazengo aliwatazama wenzake, kisha vyungu. "Kwa maji," alisema, "huwa najenga kwangu. Na kwangu pia kumeshuka."

Athuman aliviendea vyungu. Cha kwanza na cha pili alivimwaga peke yake. Cha tatu kilikuwa kizito, akamwomba karani ashike upande mmoja. Karani akashika.

Ardhi ilipokwisha kuinywa pombe, mikono ya watu wote kumi na mmoja iliachia. Haikukatika. Iliachia tu penye kifundo cha mkono, kama kibuyu kinavyoachia kikonyo chake kikikauka, wala haikutoka damu. Ilianguka kwenye udongo mbichi, ikajipangusa. Kila mkono wa kulia uliusubiri wa kushoto, kisha ikaondoka jozi kwa jozi, ikitembea kwa vidole, kufuata njia ya mjini. Ilipofika kwenye reli ikageuka kuelekea magharibi.

"Inakwenda Saranda," alisema Mazengo, akiisindikiza yake kwa macho. "Kambi ya reli wanalipa nusu rupia na chakula."

"Reli si nyumba," alisema Sila, maana ndivyo tangazo lilivyoandikwa.

"Na nguzo yangu nani ataishika?" aliuliza Yudith. Lakini nguzo ilikuwa imeshaanguka, kwa kuwa haikushikwa na mtu.

Hadi kufika Jumatano mikono ilikuwa imeondoka Chamwino, na mjini kwenyewe, na kila mahali palipokuwa na mtu anayejua kupanga miti juu ya ukuta. Wake wa mafundi waliwalisha waume zao ugali kwa matonge, wakilalamika kwamba wanang'atwa vidole. Kila Jumamosi mikono ilirudi kwa gari la mizigo, ikaweka fedha mkekani, ikajikuna kidogo kwenye magoti ya wenyewe, na kuondoka kwa gari la jioni. Mazengo alimwomba Sila aiandikie mikono yake barua.

"Itasomaje?" aliuliza Sila. "Haina macho."

"Itapapasa," alisema Mazengo. "Kandamiza kalamu."

Bwana Shauri alipoletewa habari hizo aliagiza taarifa. Sila akaandika taarifa. Ilieleza kwamba mikono iliyoondoka ni mia mbili na kumi na minne, yaani jozi mia moja na saba, na kwamba wenyewe hawawezi kushtakiwa kwa sababu wapo nyumbani na hawajadai kitu. Athuman alitumwa Saranda akaikamate. Alirudi na pingu zake zikiwa tupu. Pingu hufungwa penye kifundo, na vifundo vilikuwa vimebaki majumbani.

Abdulkadiri hakuwa na shida. Duka lake lilikuwa limepoteza ghala, naye akaamua kufanya harusi. Bibi harusi hakuwapo, lakini pilau ilikuwapo, na mikono ilialikwa kwa barua nzuri. Wageni wa harusi hutunzwa, na tangazo halikuwa na neno lolote juu ya kutunza wageni. Kati ya pilau na kahawa wageni wakasimamisha ghala, na kila jozi ikatunzwa rupia mbili. Pilau ilipelekwa majumbani kwa wenye midomo. Februari ile mjini palifanyika harusi sita za namna hiyo, zote katika nyumba za watu wenye uwezo. Bwana Shauri alihudhuria mbili, akaleta zawadi ya vijiko.

Na tangazo lilifuatwa barabara, hilo lazima lisemwe. Tangu lisomwe, hakuna fundi hata mmoja aliyedai zaidi ya heleri ishirini na tano. Bwana Shauri aliripoti hivyo Dar es Salaam, na Sila ndiye aliyenakili. Bei ilikuwa nzuri sana. Ilichokosa ni mtu wa kulipwa.

Jumapili Sila alikwenda Miyuji kujenga mwenyewe. Mikono yake ilikuwa imebaki mahali pake. Hakuna kambi iliyoihitaji. Alichimba shimo, akasimamisha nguzo, akarudi nyuma aitazame.

"Kaka, hiyo nguzo imelewa," alisema Loisi.

"Haijalewa."

"Basi sijui. Pombe ya hapa ilinywewa na ardhi, na nguzo hiyo imechimbiwa ndani yake."

Nguzo ikalala chini taratibu. Mazengo alikuwa ameketi karibu, mikono ya shati lake ikining'inia, akielekeza kwa kidevu: kulia, chimba zaidi, shindilia. Hakumtania Sila hata mara moja. Hilo lilimuuma Sila kuliko korongo.

Walipokwisha kushindwa, Yudith alimwita Sila chini ya ngozi, akampa uji. Alikohoa kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, wewe unakaa naye. Mwambie Bwana Shauri kwamba pombe si ujira. Si mtu mbaya yule, alikasirika kwa ajili yangu. Ila kuna mtu amemweleza vibaya."

"Kuna mtu, mama mkubwa."

"Humjui?"

"Bomani tuko wengi," alisema Sila. Walikuwa watatu, na mmoja wao ni mpishi.

"Mwambie kabla ya Machi," alisema Yudith. "Udongo unahitaji siku za kukauka."

Basi karani Sila akafanya lile ambalo kijana yeyote mwenye moyo angelifanya. Jumatatu alidamka, akanawa, akavaa shati safi, akaenda bomani akiwa ameinua kichwa. Aliingia ofisini bila kubisha. Alisema kwa sauti thabiti: "Bwana, ule mstari wa mwisho niliuandika mimi, kwa kinyongo na kwa ujinga, na watu wasio na fedha wamekosa paa kwa sababu yake. Nipige mimi, ufute mstari." Bwana Shauri alisimama. Midomo ilimtetemeka. Alimpa Sila mkono, akafuta mstari mbele yake, na Athuman akapiga ngoma sokoni kutangaza kwamba pombe ya kujengea ni ruhusa. Mikono ilirudi kwa gari la Ijumaa, yote mia mbili na kumi na minne, ikapanda kwenye vifundo vyake. Yudith akapika upya. Majirani wakaja, Mazengo akasimamisha nguzo kwa jaribio moja, na mvua ya Machi ilipofika ililikuta paa limekauka, ikapita juu yake kwa adabu. Na hapo ndipo habari hii inapoishia, kwa heshima ya wote.

"Paa lipi?" ameuliza Loisi.

Amekaa nyuma yangu muda wote huu akichambua mlenda, nami nilidhani hasikilizi. Nimemwambia ni paa la kwenye hadithi. Amesema hadithi ina jina la mama yake, na ina jina la Sila, ila mahali pa kusema "mimi" nimepakwepa. Kisha amerudi kwenye mlenda wake, na ananisubiri.

Haya. Sila ni mimi. Bomani nilikwenda, hilo ni kweli. Kichwa nilikuwa nimekiinua mpaka kwenye ngazi. Nilibisha, tena mara mbili. Bwana Shauri alikuwa anakula yai, akaniuliza ninataka nini. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Miyuji, nikiyarudia njia nzima kama mtoto anayetumwa chumvi. Nikamwambia kwamba tangazo lililobandikwa sokoni limechakaa kwa jua, na pengine lingefaa liandikwe upya.

Akasema nina bidii.

Niliandika siku nzima. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho hapakuwa na mtu chumbani. Bwana Shauri alikuwa amekwenda kwenye harusi. Ningeweza kuuacha, na hakuna ambaye angegundua, maana wa kulilinganisha tangazo jipya na la zamani tulikuwa yeye na mimi tu, naye huwa hasomi kitu mara ya tatu. Niliuandika. Niliupigia mstari kwa rula ili usomeke vizuri.

Mvua ilirudi tarehe mbili Machi. Mama mkubwa analala kwenye zizi la jirani, upande wa ndama, na kifua chake husikika tangu njiani. Mikono imeshavuka Saranda, inaelekea Tabora. Mazengo anasema inafanya kazi nzuri huko, na kwamba Jumamosi siku hizi hairudi yote.

Loisi ameniuliza kama mama yake anajua. Hajui. Wiki iliyopita alikuja mjini kutafuta dawa ya kifua, akapita sokoni, akasimama mbele ya tangazo jipya. Hajui kusoma. Alilitazama kwa muda mrefu, huku ameshika mwamvuli wa kuazima, kisha akawaambia watu waliokuwa karibu kwamba mwandiko huo ni wa mwanawe, na kwamba hajawahi kuona mwandiko mzuri kama huo.

Nilikuwa nimesimama pale. Nilisema, "Asante, mama mkubwa."